Shubiri Moja ya Jirani

Saa kumi na mbili na robo, asubuhi ya Jumamosi, Inspekta Kuramitsu Fumie alichuchumaa mbele ya nyumba ya Mzee Ukita Kanjiro na kuugusa udongo kwa kiganja. Ulikuwa umelowa. Tena palikuwa pamefagiliwa, na si kwa kubahatisha: michirizi ya ufagio ilikwenda sambamba mbele ya nyumba nzima, na hata jani moja halikuonekana.

Ingekuwa nyumba nyingine yoyote ya kichochoro kile, hakuna ambaye angeshangaa. Lakini mlango huu ulikuwa umefungwa utepe wa polisi tangu jana jioni, na mwenye nyumba, fundi wa vitana vya mitambo ya kufumia, mwenye umri wa miaka themanini na mitatu na moyo mbovu, hakujulikana alipo. Chupa ya dawa zake ilikuwa imebaki juu ya kabati la jikoni. Daktari wake alikuwa amesema kwenye simu, bila kuzunguka, kwamba bila dawa zile, na kwa joto lile la Agosti, mzee angeweza kuhimili siku nne, tano akiwa na bahati. Kwa hesabu ya kituoni leo ilikuwa siku ya nne.

Fumie alimwita Konstebo Semba, aliyelinda mdomo wa kichochoro usiku kucha. Semba aliapa kwamba hakuna aliyeingia wala kutoka isipokuwa paka wawili, na kwamba kutoka pale aliposimama nyumba ya Ukita haionekani, kwa sababu kichochoro kinapinda.

"Hukusikia ufagio?"

"Nilisikia fagio, afande. Nyumba zote sita. Ikifika saa kumi na moja na nusu hapa ni fagio tupu."

"Nyumba sita. Na ya sita ni ipi?"

Semba akahesabu kwa vidole, akafika kwenye mlango wenye utepe, akakomea hapo. Masikini, alikuwa amesikiliza ushahidi kwa masikio yake mawili na hakujua kwamba ni ushahidi.

Fumie hakumgombeza. Yeye mwenyewe kesi hii ilikuwa imemvuruga kichwa. Alizaliwa Maizuru, bandarini, upande wa pili wa mkoa, ambako watu hupigiana kelele kutoka gati hadi gati na kila mmoja husema alichokusudia kusema. Alikuwa na miezi sita hapa Kyoto, katika mitaa hii ya wafumaji ambayo hata watalii hawaijui, na hakukumbuka hata mtu mmoja ambaye yeye alimwelewa mara ya kwanza. Wiki ya kwanza mama mmoja alimsifia viatu vyake kwamba vina sauti nzuri. Alishukuru. Siku mbili baadaye wenzake kituoni walimweleza, huku wakicheka, kwamba aliambiwa apunguze kelele.

Alifungua daftari akapitia upya aliyokuwa nayo. Majirani watano walikuwa wametia sahihi maelezo, na wote watano walisema kitu kile kile: Jumatano asubuhi Mzee Ukita alikuwapo, alifagia mbele ya nyumba yake kama kawaida. Jumatano hiyo hiyo saa nne, mpwa wake, Hamuro Daigo, alifika kutoka Osaka, akagonga mlango kama anataka kuuvunja, akapiga kelele "Mjomba, fungua!" mpaka vichwa vikachungulia. Hamuro alidai hakujibiwa, akaondoka. Ndani ya gari lake polisi walikuta ufunguo wa akiba wa nyumba ile na hati ya kuiuza, imeandikwa kila kitu, imekosa muhuri wa mzee tu. Mkuu wa upelelezi, Deguchi, hakuhitaji zaidi. Hamuro alikuwa akihojiwa tangu jana usiku, na wazamiaji walikuwa wakiukagua mfereji ulio karibu na barabara aliyopita.

Yote hayo yalinyooka vizuri, ila mambo mawili. Fumie alikuwa amevihesabu vidonge mara tatu, na mara zote tatu vilisema kwamba mzee alimeza dawa kwa mara ya mwisho Jumatatu jioni. Na ndani ya mlango, juu ya ngazi ya kuvulia viatu, palikuwa na magazeti manne, ya Jumanne hadi Ijumaa, yamepangwa vizuri moja juu ya jingine, na hakuna hata moja lililofunguliwa. Deguchi alisema wazee husahau dawa. Fumie akamuuliza kama wazee husahau pia kusoma gazeti walilolichukua wenyewe mlangoni na kulipanga. Deguchi akamwambia alete mwili, maswali yatajibika.

Basi alikuwa na mtu aliyefagia siku ya Jumatano lakini hakumeza dawa wala kusoma gazeti, na ambaye leo, akiwa hayupo duniani au anakaribia kutokuwapo, amefagia tena na kumwaga maji. Fumie alisimama, magoti yakamlia, akaenda kubisha nyumba ya kulia.

Nishigori Yohei, mkuu wa jumuiya ya kichochoro, alikuwa mtia rangi wa nyuzi za hariri aliyestaafu. Kucha zake bado zilikuwa na buluu isiyotoka. Alimkaribisha hadi kizingitini, akamwekea mto wa kukalia, akamletea chai baridi ya shayiri. Ukutani, juu ya kabati la viatu, ulining'inia ubao wa zamu unaozunguka nyumba hadi nyumba. Kesho ilikuwa sikukuu ya watoto, ya Jizo, mlinzi wao, na yule Jizo mwenyewe, jiwe dogo lenye uso uliopakwa chokaa, alikwisha kuvalishwa kitambaa kipya chekundu ndani ya kisanduku chake mwishoni mwa kichochoro. Fumie aliutupia ubao jicho, akaona orodha ya matikiti, peremende, taa za karatasi na mianzi ya kuzitundikia, akaachana nao.

"Mnaandaa sikukuu hata hivyo," alisema.

"Watoto wameshaahidiwa," Nishigori alijibu. "Mianzi ya taa bado haijafika, lakini wala hatuna haraka."

Fumie hakuwa amekuja kuzungumzia mianzi. Alimfungulia mzee yule maelezo yake mwenyewe, akaweka kidole penye sahihi, akamuuliza Jumatano Mzee Ukita alikuwa amevaa nini.

Nishigori alifikiri. Alisema siku zile za joto Mzee Ukita huvaa fulana nyeupe.

"Sikuulizi huvaa nini. Jumatano alivaa nini?"

"Siwezi kusema."

"Uso wake ulikuwaje? Alionekana mgonjwa? Alikusalimia?"

Mzee aligeuza bilauri yake kidogo, akairudisha ilivyokuwa. Alionekana kama mtu anayeulizwa jambo la aibu mbele ya wageni.

"Inspekta, mimi nilitoka saa kumi na mbili kasoro robo. Kwake palikuwa pameshafagiliwa na kumwagiwa maji ya kutuliza vumbi na joto."

"Kwa hiyo hukumwona."

"Niliona amefagia."

"Uliandika kwamba ulimwona!"

"Ukikuta mbele ya nyumba pamefagiliwa, umemwona mwenye nyumba," alisema Nishigori kwa upole, kama anamfundisha mtoto kula. "Huku ndivyo tunavyosema. Huko Maizuru mnasemaje?"

Huko Maizuru, Fumie aliwaza, tunasema uongo ni uongo. Lakini mzee hakuwa amesema uongo, na hilo ndilo lililomchanganya. Alitoka, akagonga nyumba tatu za upande wa pili moja baada ya nyingine, na kila mahali alipewa chai baridi na jibu lile lile. Hakuna aliyeuona uso wa mzee Jumatano. Hakuna aliyeuona Jumanne. Mashahidi wote aliowahoji upya walikuwa wamemwona mtu kwa kuuona udongo wake, na kwa udongo huo mpwa wake alikuwa akikaribia kushtakiwa.

Alipiga simu kituoni. Deguchi akasema hilo linaifanya kesi iwe mbaya zaidi kwa Hamuro, siyo nafuu: muuaji ndiye anayefagia, ili watu wadhani mzee yu hai. Fumie akamkumbusha kwamba Hamuro amelala mahabusu, na leo asubuhi pamefagiliwa. Deguchi akasema basi ana mwenzake humo humo kichochoroni. Kwa mara ya kwanza tangu jana walikubaliana, na Fumie hakufurahi hata kidogo.

Alirudi kwa Nishigori. Kama kuna mwenzake, mtu wa kwanza kumfikiria alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye nafasi ya kutoka na ufagio asionekane. Akamwomba amwonyeshe jinsi anavyofagia. Nishigori alistaajabu, ila alitoka na ufagio wake wa mianzi akasimama mbele ya nyumba yake.

"Nianzie wapi?"

"Anzia unapoanzia kila siku. Unaishia wapi?"

Akamwonyesha. Alipitisha ufagio hewani, bila kugusa udongo, mbele ya nyumba yake yote, akafika kwenye mpaka wa Ukita, akaendelea ndani kwa urefu wa kiganja kilichotanuliwa, akasimama.

"Hapo ni kwake," Fumie alisema.

"Ndiyo. Shubiri moja."

"Kwa nini shubiri moja?"

Ilimchukua muda Nishigori kupata maneno, kwa sababu hakuwa amewahi kuulizwa. Ukiishia pale pale kwenye mpaka, alisema, unamwambia jirani kwamba hapa ni kwangu na huko ni kwako, nao ni ubaridi. Ukienda mbali, unamwambia kwamba yeye ni mvivu, na hilo ni tusi. Shubiri moja ni sawa. Naye jirani akitoka, huvuka shubiri moja kuja kwako, na mnakuwa mmesalimiana hata kama hamjaonana.

Fumie aliinama tena. Kwenye ukingo ule, kati ya Nishigori na Ukita, palikuwa na ukanda mwembamba ambao michirizi yake ilipishana: mmoja ulitoka kulia, mwingine ukatoka kushoto na kupita juu yake, kama mkeka ulioanzwa kusukwa. Fagio mbili, mikono miwili tofauti. Kwa hiyo aliyefagia kwa Ukita leo asubuhi hakuwa Nishigori. Mtu hawezi kujisalimia mwenyewe. Alimwomba Semba apige picha na kuweka rula kando, kisha akatembea kwa hatua fupi kuelekea ukingo wa pili, ule wa kushoto, ambako nyumba ya Ukita inapakana na ya mwisho kabisa, ya Bibi Tokiwa Masu.

Huko hapakuwa na ukanda. Michirizi ilitoka kwa Ukita, ikapita mpaka, ikaendelea hadi kizingiti cha Bibi Tokiwa bila kukatika wala kupishana. Ulikuwa mkono mmoja, umefagia nyumba mbili kwa mkupuo mmoja.

"Semba," alisema polepole, "picha hapa pia. Nyingi."

Bibi Tokiwa alikuwa na miaka sabini na minane na alikuwa mmoja wa wawili tu waliobaki kichochoroni wakifuma mikanda ya kimono. Mtambo wake ulijaza chumba cha mbele, na leo ulikuwa kimya. Alimkaribisha Fumie, akaweka chai, akakaa amenyooka huku mikono ikiwa mapajani. Fumie hakugusa chai. Alimwonyesha picha mbili kwenye kamera, ya ukingo wa kulia na ya ukingo wa kushoto, akazieleza kwa maneno machache.

Bibi Tokiwa aliziangalia kwa makini, kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake.

"Umekuwa mjuzi wa mitaa yetu haraka sana," alisema. "Ungekuwa mwenyeji wa hapa, usingetazama chini namna hiyo."

Fumie alijua sasa kwamba anatukanwa, na akaona ni afadhali kuliko kutoelewa.

"Bibi, mpwa wake yuko mahabusu tangu jana. Amewekwa huko na maneno ya watu watano kwamba Jumatano mzee alifagia. Nani alifagia Jumatano?"

"Mimi."

"Na Jumanne?"

"Mimi."

"Kwa sababu alikuomba?"

Bibi Tokiwa alitikisa kichwa. Kisha alisimulia bila kupandisha sauti, macho yakiwa kwenye mtambo. Tangu Juni Mzee Ukita alianza kusahau. Siku mbili hakufagia. Yeye akamfagilia kabla watu hawajaamka, na mzee alipotoka akaona pasafi, akadhani amefagia mwenyewe, akarudi ndani. Mpwa alikuwa amesema wazi, mbele ya watu, kwamba siku mjomba akianza kupoteza akili atamhamishia kwenye nyumba ya wazee Osaka na kuiuza ile. Mbele ya nyumba pakionekana pachafu mara moja tu, jambo linaenda mbali. Jumanne alitoka akakuta hapajafagiliwa. Akaita. Mlango haukufungwa, godoro lilikuwa limekunjwa, mzee hayupo. Akajua amekwenda Kameoka kwenye kaburi la mkewe, kama alivyozoea kila Agosti, na kwamba atalala kwa binamu yake. Akachukua gazeti akaliweka ndani, akafagia, akamwaga maji.

"Hukumpigia binamu yake?"

"Ningepiga, angejua kwamba hatujui alipo."

"Na Jumatano mpwa wake alipokuja?"

"Nilikaa kimya. Nilijua atarudi kesho yake."

"Na jana, tulipokuja sisi? Ulitia sahihi, Bibi."

"Wenzangu wote walikwisha sema wamemwona," Bibi Tokiwa alisema. "Ningesema mimi ndiye niliyefagia, ningewafanya wote waongo. Na kila siku niliyonyamaza, ya pili yake ilikuwa ngumu zaidi kusema."

"Na leo? Leo kuna utepe mlangoni!"

Hapo mama yule alishindwa kidogo. Aliitazama mikono yake.

"Leo ni mikono tu," alisema. "Niliinuka, ikafagia."

Hasira ilimpanda Fumie, ya kweli kabisa, lakini haikuwa na pa kwenda. Mbele yake hapakuwa na mwovu. Palikuwa na mwanamke aliyekuwa amemfichia jirani yake aibu, na kwa kumfichia alikuwa amemwondoa machoni pa watu wote. Kama udongo ungebaki mchafu Jumanne ile, kabla ya saa mbili mtaa mzima ungekuwa umejua kwamba Ukita hayupo. Sasa hesabu yote ilibidi ianzwe upya. Mzee hakutoweka Jumatano mbele ya mpwa wake. Alitoka Jumanne alfajiri, kwa miguu yake, baada ya kukunja godoro, na bila dawa. Leo haikuwa siku ya nne. Ilikuwa ya tano.

Alimpigia binamu wa Kameoka palepale, kwa namba aliyopewa na Bibi Tokiwa. Mzee hakuonekana huko tangu mwaka jana. Bibi Tokiwa aliyasikia majibu yote kutoka kwenye simu, na Fumie aliona rangi ikimtoka usoni. Hadi dakika ile alikuwa akiamini kwamba mtu wake yuko Kameoka anakula tikiti.

Jumanne alfajiri mtu huyu aliamka na kwenda wapi? Fumie alisimama kichochoroni akiwa hajui hata ageukie upande gani. Watoto wawili walikuwa wamekaa mbele ya Jizo wakipaka rangi taa za karatasi, na taa zilizokwisha kukauka zilikuwa zimerundikwa kwenye beseni, hazina pa kutundikwa. Akazitazama. Kisha akarudi kwa Nishigori mbio, viatu vikipiga kelele yote ya Maizuru, akaushusha ubao wa zamu kutoka ukutani bila kuomba ruhusa.

Ulikuwa umeandikwa kwa mkono mzuri. Matikiti: Nishigori. Peremende: Tokiwa. Mianzi ya taa: Ukita, kabla ya Jumatano.

"Mianzi anaitoa wapi?"

"Ghalani kwake, kule Takagamine, chini ya mlima," alisema Nishigori. "Ndiko anakokaushia mianzi ya vitana. Huenda kwa basi la kwanza, hurudi adhuhuri."

"Ana ghala? Mbona hamkusema?"

"Hamkuuliza. Na Jumatano alikuwa amesharudi, maana alifagi…" Nishigori alifika katikati ya sentensi akaliona kosa mwenyewe. Aliweka mkono ukutani.

"Asubuhi uliniambia mianzi haijafika," Fumie alisema. "Kwamba hamna haraka."

"Nilikuambia," alijibu mzee kwa sauti ndogo. "Nilifikiri umeelewa."

Alikuwa amemwambia, kwa namna yao. Imechelewa siku tatu, mtu huyu hajawahi kuchelewa, kuna jambo. Yote hayo yalikuwa ndani ya yale maneno, na Fumie aliyapokea pamoja na chai akayameza.

Walifika Takagamine kwa dakika kumi na mbili, Semba akiendesha na king'ora kikilia. Ghala lilikuwa kibanda cha mbao cheusi kwa moshi, nyuma ya shamba la figili, paa la bati, dirisha moja dogo juu. Mlango ulikuwa umesukumwa tu. Joto lililotoka ndani liliwafanya wote wawili warudi nyuma hatua moja, na harufu ikawaambia yaliyobaki.

Mzee Ukita alilala kifudifudi, kichwa kimeelekea mlangoni. Ngazi ilikuwa imeanguka ubavuni, na kutoka penye ngazi hadi alipokuwa vumbi lilionyesha alivyojiburuta, kama hatua tatu za mtu mzima. Kando yake palikuwa na chupa ya maji, tupu. Karibu na ukuta palisimama mafungu mawili ya mianzi, sita kwa sita, imekatwa urefu mmoja na kufungwa kamba nadhifu. Alikuwa amemaliza kazi ya watoto. Alikuwa amepanda tena juu kutafuta nini, hakuna atakayejua.

Daktari wa polisi alikuja, akapima, akaandika. Nyonga ya kulia imevunjika. Hakuna alama za kushambuliwa. Ameanguka Jumanne, pengine kabla ya adhuhuri. Fumie aliuliza swali ambalo ripoti ilihitaji, na daktari akalijibu akiwa bado amepiga magoti, kisha akalirudia ili apate kuliandika. Semba alikwenda nje akasimama kwenye shamba la figili akiwa amewapa mgongo. Kwenye simu Deguchi alisikiliza mpaka mwisho, akasema Hamuro aachiwe, wazamiaji watolewe mferejini.

Saa nane na nusu mchana Fumie alirudi kichochoroni kwa miguu, gari akiliacha barabarani. Nishigori alikuwa amesimama mlangoni kwake. Alimtazama usoni mara moja, akainama sana, akabaki ameinama hadi Fumie alipopita. Utepe ulikuwa bado mlangoni kwa Ukita. Udongo ulikuwa umekauka, na majani mawili yalikuwa yameanguka pale tangu asubuhi. Hakuna aliyeyagusa.

Bibi Tokiwa alikuwa amekaa kizingitini pake, kando ya ndoo na kata ya kumwagia maji. Hakuuliza kama amepatikana. Fumie alichuchumaa mbele yake ili macho yao yawe sawa, akamwambia ni ghalani, alianguka kutoka kwenye ngazi, mianzi ilikuwa tayari imefungwa. Alimwambia kila kitu isipokuwa kimoja, akitumaini hataulizwa.

"Alianguka Jumanne," Bibi Tokiwa alisema.

"Jumanne."

"Na alikufa siku gani?"

Fumie aliiangalia ndoo. Huko kwao mtu akiulizwa, hujibu.

"Alhamisi. Daktari anasema alasiri, karibu na jioni."

Mama yule alihesabu vidole vyake, kidole kwa kidole, taratibu, kama anayehesabu nyuzi. Jumanne. Jumatano. Alhamisi. Alipofika kidole cha tatu, akakishikilia.

"Alhamisi nilimwaga maji mbele ya nyumba yake mara mbili," alisema. "Joto lilikuwa kali."